Karatasi Katikati ya Chuma

Alhamisi, Koboko. Mvua ya asubuhi imekatika, matope ni mpaka kwenye vifundo vya miguu, na leo moyo wangu umelainika kuliko ninavyopenda kukiri.

Nianze na aibu yangu.

Wiki mbili zilizopita nilipokea ampilifaya ya msikiti wa Mzee Yasini, muadhini aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Ni ya zamani, ya vali, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na miaka yote baba ndiye aliyeitunza. Choki yake ilikuwa imeungua: ule waya uliozungushwa kwenye kiini cha chuma ili kutuliza umeme wa volti mia nne, usije ukanguruma kwenye spika. Sauti ya Mzee imeanza kufifia. Kamati ya msikiti ikasema mngurumo usipokwisha kufikia kesho Ijumaa, watanunua mashine mpya na adhana ya kurekodiwa itatoka kwenye simu. Mzee hakubisha. Alinitumia tu mashine yake Arua, ameifunga kwa shuka lake mwenyewe.

Kwenye karakana yangu pale Awindiri, mjini Arua, nikasuka waya mpya, kisha nikaja kwenye kuchagua kiini. Hapo nikajifanya msomi. Vile vibati vya chuma vya kiini cha baba, vyembamba, vilivyobebana, niliviona vya kizee. Nikachukua feraiti, kiini cheusi nilichokitoa kwenye televisheni mbovu. Lakini feraiti ni ya umeme unaopiga kwa kasi. Huu wa ukutani hupiga polepole, na mkondo ulipopita, kiini kikashiba sumaku upesi na kushindwa kazi. Mngurumo ukazidi.

Nikavirudia vibati kwa unyenyekevu. Nikavisafisha, nikakwangua karatasi chakavu iliyonasa katikati, nikaitupa, nikabana chuma kwa chuma mpaka skrubu zikalia.

Ikanguruma vilevile.

Leo nimekuja Koboko na mashine yenyewe, kumwambia Mzee nimeshindwa. Akanisikiliza, akanimiminia chai, akacheka kidogo.

"Binti yangu, baba yako hapana kaza hii chuma mpaka mwisho. Alikuwa naweka karatasi ya chai katikati. Mimi iko nashika tochi, naona na macho yangu."

Nikaweka kikombe chini. Karatasi ile! Vibati vikigusana bila mwanya, navyo hushiba upesi. Nililisoma hilo chuoni, nikalifaulu kwenye mtihani, na bado nikaitupa kazi ya baba jalalani nikidhani ni uchafu. Nilimkumbuka baba.

Tukakata kipande cha pakiti ya chai ya Mzee, nikakiweka mahali pake, nikabana kwa kiasi. Tukawasha. Kimya.

Alasiri Mzee akaadhini. Pumzi yake imekuwa fupi, na mwishoni sauti hutetemeka. Leo kila mtetemo ulisikika mpaka sokoni. Mimi Mkristo nilisimama uani na bisibisi mkononi, nikampenda mzee yule kama mzazi wangu. Mwenyekiti wa kamati alipita akaniambia simu itabaki mfukoni.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Kabla ya kubana vile vibati, niliandika kwa penseli kwenye ile karatasi: "Usitoe."

Baba hakuandika kitu kwenye yake. Nadhani aliamini atakayefungua tena ni yeye.