Rangi ya kijani chini ya nati

Shika Adabu, Ijumaa, Agosti 1961

Kusi linavuma tangu alfajiri, na rasharasha inakuja na kupotea. Tumeshaswali Maghrib. Naandika kwa haraka kwa sababu kuna jambo nitakalo kulifanya kabla ya Isha, na naona kalamu ninaitumia kulikwepa.

Leo Baba ameniomba radhi, naye hakuwa na kosa.

Mwalimu hutufundisha tuanze mwanzo, basi nianze. Baba ni seremala. Milango na vitanda anavyovitengeneza hapa uani huvipakia kwenye trela, akaivuta kwa pikapu yake kuukuu hadi feri, akavusha mzigo Mombasa. Trela ilikuwa haina taa hata moja. Mwezi uliopita, magharibi ikiingia, lori la mchanga lilimjia nyuma na halikuiona mpaka limeifikia. Lilikwepa likaingia vichakani, na ukingo wa trela ukabaki na mchubuko mrefu. Juma lililopita askari wa barabara akamsimamisha kivukoni, akamwambia asiilete tena pale bila ya taa za nyuma, za breki na za kupinda.

Fundi mmoja wa Changamwe alitaka gari likae kwake siku saba. Jumatatu ya juma hili Baba akanunua taa, nyaya na plagi, na ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Akaniwekea mapajani.

"Soma, mama," aliniambia. "Mikono ninayo. Kiingereza ndicho sina."

Ami Salim, kaka yake mkubwa, alikuwa barazani akicheka. Yeye ndiye anayesema kila akija kwamba nikishafanya mtihani wa darasa la nane nitulie nyumbani, kwamba shule ya bweni si mahali pa mtoto wa kike. Baba hajawahi kumjibu ndiyo wala la. Jumatatu hiyo alimjibu.

"Kaka, sikiza. Mwanasha akikisoma hiki na taa zikawaka, maneno ya shule tusiyarudie tena. Zisipowaka, utasema utakalo, nami nitanyamaza."

"Wallahi umejifunga mwenyewe," Ami akasema. "Kwa kitoto hiki?"

Tangu siku hiyo nimekuwa na hofu.

Nilisoma, Baba akafunga. Taa zenyewe alizitia kwenye trela Jumanne. Nyaya za pikapu tulizitafuta moja moja kwa balbu ndogo: mimi naigusisha kwenye waya, Baba anakanyaga breki, balbu ikiwaka naandika rangi ya waya ule daftarini. Tukamenya ncha kwa kisu, Baba akazisokota kwa vidole kama anavyosokota kamba ya kitanda, nikazungushia utepe. Kuna wakati nilisahau kabisa kwamba nina hofu.

Waya mweusi ulikuwa na habari yake. Kijitabu kilieleza kwamba umeme huenda kwenye taa kwa waya, kisha hurudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe, na waya mweusi ndio unaounganisha chuma cha trela na chuma cha pikapu. Kwa hiyo pale unapofungwa kwa nati, chuma lazima kiwe kitupu, kikwanguliwe mpaka king'are. Nilimsomea Baba sentensi hiyo na kumfasiria neno kwa neno.

Jumatano nikaipaka trela rangi.

Hakuna aliyenituma. Niliona mchubuko wa lori, na kutu ya chumvi, nikawaza kwamba askari ataiangalia. Nikachukua rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa mteja, nikaipaka mara mbili, kila pembe, hata kuzunguka tundu la nati. Mama alisema inapendeza kama inayokwenda harusini. Alhamisi nikaufunga waya mweusi kwa mkono wangu, juu ya rangi yangu nzuri. Ile sentensi haikunijia hata kidogo.

Leo baada ya swala ya Ijumaa Ami alikuja na kanzu yake, akasimama nyuma ya trela na mikono mgongoni. Baba akaingia ndani ya pikapu akakanyaga breki. Taa za breki hazikuwaka. Taa ya kupinda, ambayo hakuna aliyeigusa, ikatoa wekundu hafifu ikazima. Akajaribu ya kupinda. Zote zikafifia pamoja.

"Hizi ni taa au vimulimuli?" Ami akauliza. "Mwambie akusomee tena, ndugu yangu. Labda kitabu alikishika juu chini."

Nilitazama vidole vyangu. Bado vina kijani kwenye kucha.

"Huenda ni mimi," Baba akasema. "Huenda sikusokota vizuri."

"Huenda, huenda. Tukirudi msikitini nitakuwa na la kusema."

Adhana ya Alasiri ikawachukua. Nilibaki uani peke yangu na trela. Nilisoma kijitabu tangu ukurasa wa kwanza, na nilipoifikia ile sentensi ya chuma kitupu nikaitazama nati. Niliwasha taa za nyuma, nikachukua kipande cha waya, ncha moja nikaigusisha kwenye kikombe cha chuma cha taa, nyingine kwenye bampa ya pikapu. Taa ile ikawaka nyekundu, kali, ya kweli: kumbe rangi yangu ndiyo iliyouzuia umeme kurudi.

Nikafungua nati kwa spana. Nikakwangua kwa bisibisi, kisha kwa msasa wa Baba, mpaka chuma kikang'aa kama sarafu. Nikaufunga waya tena. Vumbi la kijani nililipuliza kwa mdomo. Kwa nini nililipuliza? Hakuna kitabu kilichoniambia nifanye hivyo.

Waliporudi, Baba alikunja mikono ya kanzu. Alikwenda moja kwa moja kwenye viungo vya nyaya alivyovisokota, akabandua utepe, akavisokota upya kwa koleo, jasho likimtoka. Kisha akakanyaga breki. Taa zikawaka zote mbili. Za kupinda, kulia na kushoto, zikawaka kama zilivyotakiwa.

Alishuka akasimama mbele yangu, na Ami akisikia.

"Kumbe ni mkono wangu. Niwie radhi, mwanangu. Wewe ulisoma sawa, mimi ndiye niliyelegeza."

Ami aliizunguka trela, akapitisha kiganja juu ya rangi. "Haya," akasema. "Na asome."

Nikasema, "Ahsante, Ami."

Mara ngapi nimekiota kitanda cha bweni, na sanduku la bati lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Leo nimepewa. Na jioni yote nimekuwa nikijitetea kichwani: kosa nililigundua mwenyewe, nikalitengeneza mwenyewe, tena kwa kile kile kijitabu. Yote hayo ni kweli. Lakini siyo anayoyaamini Baba.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo linalonikosesha raha. Pale nilipokwangua ni chuma kitupu, na upepo huu wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya mitungi. Kutu itarudi. Pengine baada ya mwezi, pengine miwili, taa zitafifia tena, na Baba atabandua utepe na kuvisokota viungo vyake, kwa sababu anadhani ugonjwa uko pale. Atasokota na kusokota, na hatafungua ile nati. Ataingia barabarani jioni akiamini amemaliza, na nyuma yake kuna lori.

Nikimwambia, Ami ana haki ya kusema kwamba taa hazikuwaka kwa sababu yangu. Sijui Baba atamjibu nini. Alisema atanyamaza, na Baba akisema neno halirudishi.

Kesho asubuhi anakwenda kivukoni na vitanda vinne. Ami amekuja kumsaidia kupakia. Nawasikia wanabishana juu ya kamba. Kwa hiyo itakuwa mbele ya wote wawili, kama ilivyokuwa ile radhi.

Baba ananiita nikamshikie taa ya mkono. Nimeitika, abee, naja. Spana ninayo, nitaifungua ile nati aone mwenyewe pale nilipokwangua.