Vifungo Ndani ya Chupa

Dada yangu,

Chupa ya tano ya vidonge imefika salama, pamoja na salamu zako. Huku hatujambo. Cherehani imepata mkanda mpya. Asubuhi jua likiingia, kitambaa cheupe mezani huwa kama maziwa, nami hukitazama mpaka mteja apige hodi.

Ulisema vidonge hivi husafisha mwili, na kwa kuwa vimetoka kwako nilimeza bila kuuliza. Juzi nikampelekea daktari chupa nikidhani atanisifu. Unajua ini langu linashindwa kutoa shaba, inajikusanya mwilini. Akaigeuza chupa, akasoma mstari wa mwisho, wenye herufi ndogo kama mishono. Shaba imo humo humo.

"Mama, hivi vinaweza kumfaa mwingine," akasema. "Wewe hata vitamini isiyo na shaba, niulize kwanza."

Usijilaumu, dada. Mimi ninayesoma vipimo vya watu kutwa sikusoma chupa. Dawa za kuitoa shaba naendelea nazo.

Vidonge vilivyobaki nimevipeleka duka la dawa vikaharibiwe, ila chupa zako sikuzitupa. Nimezijaza vifungo vya rangi rangi, nikazipanga dirishani. Jua likizipitia, ukuta mzima hupata rangi, nami huhisi umeingia chumbani.

Mistari hii inayopanda na kushuka si ya haraka. Ni mkono, shaba imeanza kuutetemesha. Kutunga uzi kwenye sindano moja hunimalizia asubuhi.

Mwezi ujao usitume kitu. Njoo unitungie uzi.

Mdogo wako,
Fundi