Daftari Safi la Merveille

Jumatatu, 6 Oktoba

Kama kawaida. Merveille ameandika brouillon, ile rasimu yenye makosa, nimesahihisha, amenakili upya kwenye daftari safi. Mara nne. Binti yangu ana miaka minane na herufi zinamkimbia. Akinakili, ni mwandiko wa katibu. Mwambie asome alichonakili, hajui. Kabla hatujahamia huku ugenini, nilifundisha darasa la pili kule Lubumbashi miaka kumi na mmoja. Huyu wangu amenishinda. Mganga hajigangi. Brouillon nimetupa, kama kila siku.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kituo cha serikali cha kusaidia wanafunzi, Saint-Josse. Mara ya tatu. Shida ileile: mwalimu maalumu wa serikali hatumwi kwenye shule za binafsi. Ya Merveille ni ya binafsi kabisa, watoto tisa darasani. Nimeeleza tena. Katika shule yake ya kwanza walimcheka mpaka akaanza kukojoa kitandani. Hapa anakwenda akiimba. Simtoi.

Leo, ajabu, yule mama wa mafaili amelegea. Kuna tume ambayo mara mojamoja hukubali: saa nne kwa wiki, mwalimu amfuate palepale shuleni. Wanataka ripoti ya shule na madaftari yake yote, ya mwaka jana pia. Nimetoka pale nikitembea kama mwenye mji.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nimefunika madaftari upya kwa karatasi ya buluu. Sita. Hakuna doa. Mke wangu anasema niweke na brouillon za wiki hii. Nimekataa. Mtu haendi ofisini na shati chafu. Wakiona mtoto anajitahidi, watamsaidia. Mzembe nani amsaidie? Tumebishana. Nimeshinda.

Jumatano, 5 Novemba

Madaftari nilishayapeleka, lakini tume haijaleta barua. Kazini Auderghem, kwenye nyumba ya wazee, nimekunja mashuka kutwa nzima nikiwaza zile saa nne. Jioni mwalimu wake amenisimamisha mlangoni. Bila msaada hawezi kumpandisha darasa la tatu, na la pili amesharudia. Yaani Juni, mwaka wa shule ukiisha, atoke. Amesema kwa upole. Upole huo umeniudhi kuliko ukali.

Ijumaa, 21 Novemba

Wamekataa.

Mistari mitano tu. Madaftari yanaonyesha maandishi safi, yasiyo na makosa. Hitaji la msaada halijathibitishwa. Nimesoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikasoma tena. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemnyima mwanangu. Mke wangu ameisoma, akaikunja, akarudi kwenye sufuria. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimerudi Saint-Josse. Nimeungama yote, kama mbele ya padri. Yule mama ameuliza brouillon ziko wapi. Zimetupwa, zote, tangu mwaka jana. Nikileta za wiki hii, tume itasema zimetengenezwa. Faili la mwaka huu limefungwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amefika na masanduku yake. Nilitaka kupiga meza. Nikasema asante, madame.

Jumanne, 2 Desemba

Shule maalumu ya serikali, upande wa pili wa mji. Nilisema simtoi. Leo nimempeleka mwenyewe.

Walimpa Merveille ukurasa asome. Nilitaka kumnong'oneza. Nikafunga mdomo. Dakika tano, halikutoka neno hata moja. Mwalimu akaandika kwenye karatasi yake bila kukunja uso. Nafasi hakuna. Jina limewekwa kwenye orodha ya kungojea: labda Septemba, labda isiwe. Mpaka hapo, hakuna wa kumsaidia.

Kwenye basi, Chaussée d'Ixelles, madukani wamekwisha kuwasha taa za Noeli. Akaniuliza, "Papa, kule kwa kwanza, ulibaambiaka kama miye najua?"

Nikasema ndiyo, niliwaambia unajua.

Akatoa biskuti mfukoni. "Alors, sasa banajua kama sijue. Bon, ni muzuri."

Akafungua biskuti zake, akala zote, ametulia kabisa. Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vya watu mpaka tukashuka.