Baba, Wanauliza Pima Ilikuwa ya Nani

Baba,

Rehema za Mungu zikufikie huko uliko. Kesho kutwa ni arobaini yako. Nimekaa barazani kwetu Nyangwe, daftari lako liko magotini, na tangu adhuhuri natafuta neno la kuanzia silipati. Basi nianze na habari za nyumbani, kama ulivyopenda: watu kwanza, kazi baadaye.

Mama ni mzima. Anakula kidogo. Akipakua bado anakutengea sahani, anaitazama, kisha anairudisha ndani. Yuko katika eda, hatoki nje ya ua mpaka siku zake zitimie, na unajua jinsi asivyoweza kukaa bila kwenda mtoni. Kila anayepita na ndoo anamuuliza maji yamefika wapi. Pirogi yako, ule mtumbwi wa safari zako, tumeigeuza kifudifudi nyuma ya jiko. Mimi sijambo. Hapana, Baba, sitakudanganya. Nina jambo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ile safari niliyokusimulia ulipokuwa kitandani imekaribia. Vyombo vya kupima mkondo vimefika Kasongo, viwili, katika masanduku ya mbao. Vilitengenezwa kwa ajili ya bahari yenye kina kirefu. Karatasi zake zote zinaongea habari za chumvi na mawimbi, na sisi tunataka kuvishusha katika mto wetu, Lualaba. Chombo kinafungwa uzito chini na boya juu, kinakaa huko miezi kikisikiliza maji yanavyopita. Tunapanga kila kitu katika chumba kimoja karibu na soko: balenieri ya kutubeba, ile mashua kubwa ya mbao, mafuta, kamba, nani atakaa wapi. Katika orodha ya watu, mstari wa tatu, uliandikwa wewe: muonyesha njia. Kila asubuhi nilipita juu ya mstari huo, na sikuufuta.

Shida ilikuwa mahali pa kuvishushia. Ramani ilituelekeza pale mto uliponyooka. Nikasema hapana, pale mchanga unahama, chombo kitafukiwa na hatutakiona tena. Nikatoa daftari lako. Miaka ishirini na zaidi ya jiwe na kamba, ukipima kina ili balenieri za watu zisikwame. Nikawafungulia kurasa za Shimo la Sufuria, lile shimo refu la mtoni: pima tisa, pima tisa na mkono mmoja, pima tisa, kiangazi hata kiangazi. Shimo halijai mchanga. Hakuna ramani inayojua hilo, ila wewe.

Mkuu wa safari ni injinia mmoja wa Kabambare, mtu mpole, hapandishi sauti. Alisoma kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia. Kisha akaniuliza: "Madamu Zaina, hii pima iko ya nani? Ya mutu mufupi ao ya mutu murefu?" Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, na kila mtu ana mikono yake. Akanieleza kwamba kamba za kushushia vyombo lazima zikatwe kabla ya kuondoka, na vipimo vyako lazima vikae pamoja na vya wengine, vya mita. Tukijua pima yako ni mita ngapi, daftari ndilo litakaloongoza safari. Tusipojua, litabaki ukumbusho wa familia. Alinipa siku tano.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kamba yako ya mafundo ingekuwapo, fundo moja pima moja, ningemaliza kazi hiyo kwa dakika. Na aliyeipoteza ni mimi.

Unakumbuka. Likizo ile nilikuletea kamba mpya ya nailoni yenye alama nyekundu kila mita, nikakucheka mbele ya wageni, nikasema pima ni mambo ya watu wa zamani. Hukukasirika. "Weye Mama," ukaniambia, maana nina jina la mama yako, na hukuwahi kuniita ila Mama, "weye unapima na kitu ya duka. Mimi napima na mwili. Nani kati yetu atasahau kipimo yake ku nyumba?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Asubuhi yake, nikirudi Kindu, nikaichukua ile kamba kuukuu ya mafundo nikafungia gunia la unga wa muhogo nyuma ya pikipiki. Uliniona. Ulikuja ukakaza fundo kwa mikono yako mwenyewe, ukasema, "Funga muzuri, njia iko mubaya." Nilipofika Kindu fundo lako lilikataa kufunguka, nikalikata kwa kisu, nikaviacha vipande pale pale penye pikipiki.

Ulipofariki nilifungua sanduku lako nikaikuta ile ya nailoni ndani ya mfuko wake wa dukani. Hukuitoa hata siku moja. Kurasa za mwisho ulizipima kwa kamba tupu isiyo na mafundo, ukiivuta mkono hadi mkono, na mwandiko umeanza kutetemeka.

Nilipanda pikipiki nikaja nyumbani. Njiani nilikuwa na wazo la kanzu zako, nipime kutoka mkono hadi mkono, lakini zilikwisha kugawiwa, na waliopewa wako mbali, Lusangi na kwingineko. Uani nikakuta majirani wawili wanawake wanapaka ukuta wa baraza udongo mweupe kwa ajili ya wageni wa arobaini. Nikasimama kuwasalimu. Ndipo nikaliona doa jeusi ukutani.

Baba, ukuta huo nimeuona maisha yangu yote na sikuwahi kuutazama. Hapo ndipo ulipokuwa unasimama kila ukitengeneza kamba, mgongo umeuegemeza, mikono umeitandaza, ngumi zikigusa pale pale kila unapovuta, mpaka udongo ukashika weusi wa mikono yako. Doa la kushoto lilikuwapo. La kulia lilikuwa limekwisha kupakwa, bado bichi. Nikachukua kijiko nikakwangua polepole, na udongo mpya ukabanduka pamoja na wa zamani, chini yake pakabaki fito tu. Nililia kwa sauti. Wale kina mama wakadhani msiba umenirudia, na ni kweli ulikuwa umenirudia.

Mama akatoka jikoni. Nikamweleza injinia alichouliza. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaenda ukutani, akaweka kidole bila kutafuta. "Hapa njo mukono yake ilikuwa inafikaka." Nikamuuliza ana hakika gani. Akanitazama jinsi anavyonitazama nikiweka chumvi mara mbili. "Ncha ya kamba, nani alikuwa anashikaka? Miaka yote ni mimi. Na ile ngumi yake ilikuwa inanigonga hapa, ku bega."

Nikapima kutoka doa hadi kidole cha mama. Mita moja na sentimita themanini na tisa. Nikapima tena, ikawa hiyo hiyo. Mama hakuwa ameondoa kidole.

Basi nikamwambia na habari ya kamba yako, kwa kuwa sikuweza tena kukaa nayo peke yangu. "Alijua," akasema. "Siku ile ile aliniambia, ile kamba haitarudi. Akasema mutoto iko na haraka, muache." Nisamehe, Baba. Ulinikazia fundo ukijua, na mimi nilidhani nimekusaidia kutupa takataka.

Nilirudi Kasongo na kipimo hicho. Kwenye karatasi za mpango kuna mahali pa kuandika kipimo kimetoka wapi. Nilikaa na kalamu muda mrefu, kisha nikaandika: bega la mke wake. Injinia alisoma akavua miwani. Nilidhani atakataa. Akatia sahihi, akasema wakati wa kukata kamba umefika, tuanze.

Ila mama alikuwa na sharti lake. Kwa kuwa yeye hawezi kutoka, kamba iletwe kwake kwanza, ipimwe pale ilipozoea kupimwa. Nilimpelekea injinia maneno hayo kwa aibu, nikijua wana mashine ya kupimia kule Kasongo. Leo asubuhi alikuja mwenyewe na kamba imefungwa nyuma ya pikipiki. Hakuingia uani. Alisimama njiani, kofia mkononi, akatupitishia ncha juu ya ua wa miti.

Mama alisimama mahali pake. Mimi nikasimama pako, mgongo ukutani. Nikatandaza mikono na haikufika, Baba, ilipungua kila upande, na nilijinyoosha mpaka mabega yakauma. Mama hakunicheka. Alivuta ncha mwenyewe mpaka kwenye alama tuliyoiweka penye kidole chake, akasema, "Moja." Tukaenda hivyo. Alihesabu kwa ile sauti aliyokuwa akikuhesabia, ambayo sikuwahi kuisikia tangu ulipoondoka. Tulipofika tisa mimi nikaachia upande wangu. Yeye hakuachia. Injinia alingoja njiani, na hakuna aliyemhimiza Mama.

Kwaheri, Baba. Jumatatu tunaondoka, na jina lako bado liko mstari wa tatu. Ninakuahidi hili moja: tukifika juu ya Shimo la Sufuria, kabla ya chombo chochote kushuka, nitashusha jiwe kwa mikono yangu, nitaita kina kwa sauti mbele ya wote, na nitakiandika katika daftari lako, chini ya mstari wako wa mwisho. Nitaandika kwa pima yako, si kwa yangu.

Mwanao,
Zaina