Kabuti la Kuazima

Jumatatu, 9 Oktoba 1972

Nimesahihisha daftari za darasa la tatu mpaka macho yanauma. Za hesabu bado.

Barua imefika. Safari imesogezwa tena, sasa ni tarehe 3 Novemba. Mwanzo ilikuwa Agosti, ikawa Septemba, miezi ambayo watu wa huko wenyewe huoga baharini. Sasa wanasema tuchukue nguo nzito. Bila shaka wenyeji watakuwa wameshaihama pwani, ndiyo maana sisi tumepata nafasi.

Haidhuru. Wiki mbili za mapumziko Bulgaria, zawadi ya mfanyakazi bora. Shuleni nasema ni heshima kwa kijiji chetu. Humu nasema kweli: nimechoka. Tangu nianze kufundisha sijalala mchana hata siku moja bila kuwa mgonjwa. Naitaka safari hii.

Jumatano, 11 Oktoba

Mjini Morogoro kwa lori la ndizi. Barabara ya Matombo imenivunja mgongo.

Mkutano wa wasafiri. Kiongozi wetu ni Ndugu Kiango, ambaye ameshawahi kwenda huko mara moja na hataki mtu asahau. Katusomea ratiba. Kuamka saa kumi na mbili. Mazoezi ya viungo. Chai. Mapumziko ya asubuhi, kwa pamoja. Hotuba. Mapumziko ya mchana, kwa pamoja. Hakuna kutoka peke yako. Masanduku ya bati marufuku. Mimi sanduku langu ni la bati. Kila mtu awe na koti zito na viatu vya kufunika.

Niliuliza kama mtu anaweza kukaa peke yake kidogo. Wakacheka. Nilikuwa nauliza kweli.

Picha ya pasipoti nimetoka kama mtu aliyekamatwa.

Jumapili, 15 Oktoba

Koti limepatikana. Kalunde kanipa, jirani yangu. Mnyamwezi huyu alihamia hapa na mumewe alipostaafu reli, na mume kafariki mwaka juzi. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani, kwa hiyo ananitukana mbele ya wanafunzi wangu na mimi napaswa kucheka. "Mluguru akishuka mlima hupotea sokoni," kasema, "sembuse Ulaya!" Halafu kavuta kutoka uvunguni kabuti la jeshi la marehemu mumewe, la vitani, kabla ya reli. Zito, refu, vifungo vya shaba. Nimelivaa. Nimependeza, nasema mwenyewe.

Nikaenda nalo moja kwa moja kwa Mama, nyumba ya pili kutoka shuleni, nimwonyeshe. Alikuwa anapeta mchele uani. Akanitazama. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Saa nane mchana! Nikagonga, hakufungua. Mchele wakaula kuku.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mama hasemi nami. Kila asubuhi nampa shikamoo, anajibu marahaba, basi. Hilo hawezi kuliacha, Mungu angemwona.

Nimemuuliza kama ni ndege. Kimya. Kama ni kwa sababu naenda kwa watu wasiosali. Kimya. Nikamwambia aniambie basi nimekosa nini ili nipatane naye. Akaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Siwezi kuondoka bila radhi yake, na yeye anajua. Tuko wawili tu, hana mtoto mwingine. Nina hasira ambayo sina pa kuipeleka.

Mkono umevimba kwa chanjo. Viatu vya kufunika vya saizi yangu havipo Morogoro nzima. Nimenunua vya kiume.

Jumamosi, 21 Oktoba

Siku ya shamba la kijiji. Nimelima kama kila mtu, lakini nimesikia, "Mpisheni mzungu apite." Na maagizo! Mwalimu mkuu anataka kalamu ya wino. Mwenyekiti anataka saa. Katekista anataka maji ya baraka, nimemwambia siendi Roma. Kasema kwani si njia moja.

Nimerudi chumbani, kabuti halipo msumarini. Kalichukua Kalunde. Nimemkuta mlangoni kwake anaota jua akiwa amelivaa. "Wewe ni maiti mtarajiwa," kasema, "na nguo ya maiti ni haki ya mtani. Lete jogoo."

Nimecheka kwa meno ya mbele tu.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimempelekea jogoo. Kamchinja, kampika na nazi, kaniita nile. Nimekula jogoo wangu mwenyewe. Kabuti hakunipa. "Jogoo huyu alikuwa kikongwe," kasema. "Hilo ni deni jipya."

Barua ya Ndugu Kiango: nguo zitakaguliwa stesheni kabla ya kupanda treni. Asiye na koti atabaki, na nafasi yake itachukuliwa na mtu wa akiba, bwana mmoja wa Kingolwira. Ana koti lake.

Nimeuliza kila nyumba. Watu wana blanketi. Nimejiona mjinga nikisimama mlangoni kwa watu, mwalimu mzima, naomba koti katika nchi ya migomba.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Kalunde alipita mbele ya duka la ushirika, kabuti begani, akaimba kwamba Mluguru ataruka angani na kanga. Nikampigia kelele. Nikamwita mwizi. Mbele ya watu wote.

Mtani hakasirikiwi. Hata mtoto mdogo anajua.

Kalunde kacheka, halafu kaacha. Kanishika mkono, kanipeleka nyuma ya duka. "Mama yako hakukwambia?"

Kumbe baba alikuja likizo ya vita amevaa kabuti kama hili. Alikuwa amejiandikisha jeshini bila kumwambia Mama. Mama akanuna siku zote za likizo ile. Asubuhi ya kuondoka akajifungia ndani, hakutoka kumuaga. Baba akashuka mlima peke yake, treni ikamchukua, akaenda Burma. Hakurudi. Haikuja hata barua.

Mimi nakumbuka tu kubebwa juu, na kitu kigumu kikinikwaruza shavu. Sasa najua ni kifungo.

Kalunde kayajua katika msiba wa mumewe. Mama aliliona kabuti ukutani, akalia kuliko wafiwa, ikabidi aeleze. Mimi mwanawe sikuambiwa. Mambo haya huambiwa mtani, mtoto hufichwa.

"Sasa kwa nini ulinipa?" nimemuuliza.

"Nilikupa ukavae kwenye baridi. Nani alikutuma ukamwonyeshe?"

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimeandika barua ya kujitoa. Mistari minne. Bwana wa Kingolwira aende, na koti lake. Nimelia kidogo, nitasema ukweli. Si kwa sababu ya bahari. Kwa sababu ya kule kulala mchana.

Mvua. Lori halikuja, barua imebaki mezani.

Saa nne nikiwa darasani nikasikia ukelele kutoka kwa Mama. Nikatoka mbio. Kalunde alikuwa amelala chali kwenye kizingiti cha Mama, matopeni, amevaa kabuti, macho kafumba, mikono kifuani. "Nizikeni!" anapiga kelele. "Nimekufa Ulaya! Nizikeni, na huyu bibi asifungue mlango, kuaga si desturi yake!"

Maneno hayo ningeyasema mimi, ningelaaniwa.

Mama akafungua. Akasimama juu yake. Nikaona uso wake unahangaika, haujui uende upande gani. Halafu akacheka. Kacheka mpaka akakaa chini, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na Kalunde bado kafumba macho, anasubiri kuzikwa.

"Ondoka hapa, Mnyamwezi wewe. Unanichafulia mlango."

Kalunde kainuka, kalivua kabuti, kamtupia magotini. "Lako sasa. Nimekupa mbele ya mashahidi, walimu na wanafunzi. Ukitaka mwazime mwanao, ukitaka mnyime. Mimi nimeshakula jogoo."

Dirishani mwa shule walikuwa darasa la tatu lote. Nimewarudisha kwenye hesabu. Mimi mwenyewe nimeandika jibu lisilo sahihi ubaoni.

Alhamisi, 2 Novemba

Misa ya Marehemu Wote. Majina yamesomwa. La baba halimo. Kila mwaka halimo, Mama hajawahi kulipeleka, na nilikuwa nadhani ni usahaulifu.

Mama bado hasemi kitu. Lakini jioni nimemkuta uani, kabuti mapajani, anakata vifungo vya shaba kwa wembe na kushona vyeusi. Nilikaa karibu naye nikamtungia uzi kwenye sindano, maana haoni vizuri. Sikuuliza. Nimechoka kuuliza.

Barua yangu iko mezani. Kesho ndiyo safari, na sijui niichane au nimpe dereva wa lori.

Jumamosi, 4 Novemba

Dar es Salaam. Hosteli. Ndege kesho asubuhi. Wenzangu wamekwenda kuangalia maduka kwa pamoja. Nimesema kichwa kinauma.

Jana alfajiri nilipotoka na begi, nililokopeshwa na katekista, Mama alikuwa ameshatoka. Amesimama njiani na kanga yake mpya, kabuti mkononi. Hakunipa. Kalibeba mwenyewe mpaka chini, mwendo wa saa nzima kwenye utelezi, na magoti yake yale. Kalunde alikuwa nyuma, kimya kwa mara ya kwanza.

Lori likawasha. Nikamwambia, "Mama, naomba radhi." Akanivalisha kabuti, akafunga vifungo kimoja kimoja, kuanzia cha chini. Alipofika cha juu akakishika kidogo.

"Kumbuka nimekuazima tu," kasema. "Kitu cha kuazima hurudishwa."

"Nitalirudisha, Mama."

"Ukichelewa, nitalifuata mwenyewe."

Akabaki amesimama barabarani mpaka lori likakata kona. Nilimwona. Hakugeuka.

Stesheni Ndugu Kiango kalishika ukosi, kasema ni la kizamani lakini litafaa. Bwana wa Kingolwira alikuja na koti lake na akarudi nalo.

Joto la hapa ni kali. Nimelitundika kabuti kwenye msumari nyuma ya mlango. Halafu nimelitoa, nimeliweka mguuni pa kitanda, nilione. Sasa ni saa nane mchana. Nalala.