Bibi wa Kalinzi Aliyesalimia Skrini

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ujiji, vidole bado vinanukia samaki, mgebuka wa kuchoma. Ziwa leo limetulia, na mimi pia, maana kazi imekubali.

Chuo ninachokifungia mitambo kina kumbi mbili, moja Kigoma mjini na moja hapa, na leo ni mahafali: wahitimu wako kule, wazazi wengine wanatazama hapa kwenye skrini. Swichi ya kule, kile kifaa cha kuunganisha mtandao, ilitakiwa kuiambia ya hapa picha ya kamera inatoka wapi, ili ikaichukue. Asubuhi wazazi wamejaa, skrini nyeusi. Kumbe kwenye swichi ya hapa, mahali pa kuandika anwani ya mwenzake, nilikuwa nimeweka anwani yake yenyewe. Ilikuwa inajisubiri. Nikarekebisha, picha ikaja.

Bibi mmoja wa Kalinzi akamwona mjukuu wake jukwaani. Akapiga makofi taratibu, akamsalimia kwa Kiha, akangoja. Kisha akanigeukia.

"Mbona haitikii?"

"Hakuoni, Bibi."

"Basi mfanye anione."

Swichi zilikuwa zimeshajuana, kwa hiyo niliwasha tu kamera ya huku. Kule mjini binti akainua macho, akamwona bibi yake kwenye skrini ya ukutani. Akapiga magoti na joho lake, akaanza kuitikia. Salamu za Waha wewe unazisikia tu, Mama: watoto, mifugo, mvua, shamba. Mkuu wa chuo alisimama na cheti cha binti mkononi mpaka zilipokwisha.

Kadi hii usihangaike kuijibu. Itikia tu hapo ulipokaa, mimi nitajua.

Mwanao,
Tumaini