Waliojiondoa

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima wewe na Mama, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda ngazi za chuo bila kunung'unika. Mimi mzima, macho tu yamechoka na tarakimu.

Ripoti imekwisha. Nimempa msimamizi wangu hapa chuo kikuu, na nakala nimeituma kwa mkuu wako wa chuo kama tulivyoahidi. Lakini wewe ndiye uliyekubali kupimwa, kwa hiyo unastahili kuyasikia matokeo kwangu kabla ya kuyasikia ofisini. Kundi la darasani, ulilolifundisha hesabu za umeme kwa chaki siku tano kwa wiki, limepata wastani wa sitini na moja. Kundi la mseto, waliokutazama kwenye video siku nne na kukuona ana kwa ana Jumamosi tu, wamepata sabini. Mwalimu yule yule, mtihani ule ule, watu arobaini kila upande.

Yaani Baba, umeshindwa na wewe mwenyewe. Sijui nikupe pole au hongera.

Msimamizi amesema ni kazi safi. Alilisema neno hilo mara mbili, nami nimerudi nalo chumbani nikijaribu kulifurahia. Asante kwa kusimama mbele ya kamera wiki sita ukiwa na shati moja ili video zifanane. Na Mama namshukuru kwa kulifua kila jioni.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti nalo halijambo, mradi limekaa.

Nilimsomea mama yako barua yako. Akasema, "Huyo wa kwenye video lazima ashinde. Ukimchoka unamzima." Nimecheka mpaka nimekohoa.

Mkuu wa chuo aliniita. Ripoti yako ilikuwa mezani, imepigwa mistari ya wino wa njano kama shuka la mgeni. "Mwalimu Rudia," akaniambia, maana sasa hata yeye ananiita hivyo kama wanafunzi, "binti yako ametufungua macho." Bodi itakaa tarehe 20 Mei. Wakiikubali ripoti, hesabu zote zitafundishwa kwa mseto kuanzia muhula ujao, na chumba changu namba tatu kitakuwa stoo ya kompyuta. Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Video zako tunazo, Mwalimu. Wewe pumzika."

Basi miaka minne kabla ya kustaafu nimepumzishwa na sura yangu mwenyewe. Usidhani nalalamika. Kama watoto wa watu wanaelewa zaidi bila mimi kuwasimamia, mimi ni nani niwazibie? Nalikubali kwa kuwa umelisema wewe, na wewe nakuamini.

Jambo dogo tu. Daftari la mahudhurio ya Jumamosi ninalo mimi. Mseto walianza arobaini, lakini siku ya mtihani nilihesabu vichwa ishirini na vitatu. Wa darasani walibaki thelathini na wanane. Nimepekua majedwali yako yote, wale kumi na saba siwaoni. Najua wapo, ni macho yangu tu ya uzee. Niambie ukurasa, nisije nikaaibika nikiulizwa na bodi.

Baba yako


30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umepita sijapata jibu, nadhani barua imepotea njiani. Mama yako anasema labda unaumwa na unatuficha. Kama ni homa, sema. Kama ni kazi, sema pia.

Nilikuwa nauliza tu ukurasa wa wale kumi na saba. Nimeshamwambia mkuu wa chuo kwamba utanitajia, hana haraka.

Baba yako


14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siumwi. Mwambie Mama asihangaike. Barua zako zilifika zote mbili. Ile ya kwanza nimetembea nayo kwenye mkoba kama dawa chungu ambayo mgonjwa anaibeba tu ili aseme anayo.

Wako ukurasa wa arobaini na nane, chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Wanafunzi waliojiondoa hawakuhesabiwa." Basi. Watu kumi na saba, maneno matatu.

Sikuwasahau. Laiti ningewasahau. Nilitengeneza jedwali jingine, nikawahesabu wote walioanza. Darasani, waliofaulu walikuwa thelathini na mmoja kati ya arobaini. Mseto, ishirini na mmoja. Nililitazama mpaka chai ikapoa, kisha nikalifuta. Nikajiambia kwamba aliyeondoka hawezi kutumika kupima ufundishaji ambao hakuupokea. Ni sentensi inayopendeza. Hakuna aliyeniuliza, niliitunga ili nijijibu mwenyewe.

Sababu nayo niiseme, maana nimeichimba mwezi mzima. Miaka miwili nimemwambia kila mtu hapa kwamba mseto ni bora. Nilipoona tarakimu zinaelekea kwako, nilisikia kitu kama hasira. Sikutaka kuwa binti aliyesafiri mbali kote huku ili aje kuthibitisha kwamba baba yake alikuwa sahihi na chaki yake. Nisamehe kwa kuliandika hili. Si zuri, lakini ndilo.

Sasa nina ombi, na hilo ndilo linalonifanya niandike huku nikijificha uso, ingawa niko peke yangu. Shahada yangu itathibitishwa katikati ya Juni, baada ya bodi yenu kukaa. Wakikuuliza kuhusu wale kumi na saba, sema hujui. Ikishathibitishwa nitasahihisha kila kitu, naapa. Ni wiki nne tu baada ya bodi, Baba.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Mama yako akauliza, "Mtoto mzima?" Nikamwambia mzima, ana kazi nyingi. Ulitaka nikufichie, basi nimeshaanza na mke wangu.

Ningekugombeza, ila sina mdomo. Na mimi ninalo langu, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Unakumbuka uliniambia, "Baba, hawa wa mseto usiwaguse nje ya Jumamosi," nami nikaahidi. Wiki ya tatu, siku ya Jumapili, kinyozi mmoja wa kundi lile akaja nyumbani na simu yake mkononi. "Mwalimu," akasema, "kwa heshima zote, usiku wa jana nimekuuliza mara tatu kwa nini unagawanya kwa kipeuo cha pili cha tatu, na wewe unaendelea tu."

"Mimi?"

"Wewe wa humu."

Akanionyesha. Na kweli nilikuwa naendelea tu, hata sina habari naye. Nikaona aibu kama mtu aliyepita bila kuitikia salamu. Nikamweleza pale barazani, dakika kumi hazikufika. Jumapili iliyofuata wakaja wanne. Mwisho walikuwa kumi na wanne, na mama yako akasema viatu vilivyoko mlangoni vinatosha kufungua duka. Mtu akikuuliza hesabu utamjibuje? Nenda kaiulize simu?

Wote kumi na wanne wamefaulu. Kwa hiyo kati ya wale ishirini na mmoja uliowasifu kwa ajili ya video, saba tu ndio wa video kweli. Hao saba nisiwanyang'anye haki yao, wanasema kumrudisha mwalimu nyuma mara kumi bila kumwona akikunja uso ni raha. Lakini waliobaki walipita mlangoni kwangu. Nilikaa kimya nisikuharibie kazi. Tazama sasa tulivyosaidiana, baba na mwana.

Nililichukua daftari nikaanza kuwatafuta wale kumi na saba. Nimewapata kumi na mmoja, majina yao na mahali wanapopatikana nimekuandikia kwenye karatasi ya pili humu. Yuko mshona viatu, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Simu ni moja, yake na mkewe, na mkewe huondoka nayo asubuhi kwenda kazini. Alikosa majaribio ya wiki tatu mfululizo, akaunti ikajifunga yenyewe. Nikamwambia, "Imeandikwa ulijiondoa." Akaacha sindano ndani ya ngozi, akanitazama. "Nani kajiondoa? Mimi nilikuwa nagonga mlango, Mwalimu. Mwambie huyo aliyeandika."

Sikumwambia ni nani aliyeandika. Nililipia kushonwa kiatu ambacho hakikuwa kibovu, nikaondoka.

Tarehe 20 nitasimama niseme langu la Jumapili. Lako sitalisema. Usifikiri ni kwa sababu umeniomba. Ni kwa sababu ni lako.

Baba yako


11 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Asubuhi hii nimepeleka barua kwa msimamizi, na nyingine nimeituma kwa mkuu wako wa chuo kwa njia ya haraka, imfikie kabla ya tarehe 20. Ndani yake yamo majedwali yote mawili, la kuonyesha na lile nililolifuta. Nimeandika "nililiona, nikalifuta". Mara tatu niliandika "lilisahaulika", na mara tatu nikachana karatasi.

Habari za Jumapili nimemweleza msimamizi pia, maana sasa hata lile jedwali la pili halisimami. Aliisoma barua mbele yangu bila kuketi. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulijua tangu lini?" Nikasema tangu Januari. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa. Shahada imeahirishwa kwa mwaka mmoja na mkutano wa kuithibitisha umefutwa. Wenzangu bado hawajajua, wananipongeza kwenye korido, nami naitikia.

Tangu barua yako ije, kila nikifungua kompyuta inaniomba nywila, na namwona yule mshona viatu. Mimi hufunguliwa.

Mwanao


26 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima. Bodi ilikaa.

Mkuu wa chuo aliisoma barua yako kwa sauti, neno kwa neno. Walimu wote wa hesabu tulikuwepo. Sijui kama umewahi kusikia jina la ukoo wako likisomwa namna ile kikaoni. Nilitazama mikono yangu mpaka akamaliza.

Kisha nikasimama mimi. Nikasema la Jumapili. Mkuu akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, ulikuwa unafundisha bila kibali?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Barazani."

"Kwa sababu gani?"

"Walikuwa hawajaelewa."

Kuna waliocheka. Nimepewa barua ya onyo ya kufundisha nje ya utaratibu. Mama yako anataka iwekwe kwenye fremu. Amelijua lote sasa, na usimwogope, alilia siku moja tu.

Wameamua hivi: darasa linabaki mwaka mmoja, na la mseto litakuwepo pembeni. Utafiti urudiwe, na safari hii kila aliyeanza ahesabiwe, na akitoweka atafutwe aulizwe. Hilo ni jema, na limetokana na barua yako.

Sasa lile lililonichelewesha kukuandikia. Mjumbe mmoja mama, mtu wa haki, akasema, "Anayeijua kazi hii ni yule binti. Amekosa na amekiri. Tumpe airudie?" Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye unayemjua. Tumwamini?"

Mwanangu, lilitakiwa neno moja. Nilikuwa nalo, lilikuwa hapa kooni. Nikaitazama meza. Wakasubiri. Mtu akakohoa. Halafu mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kazi wamempa mtu mwingine.

Nimewasahihisha watu maisha yangu yote, na siku ile sikuweza kukupa hata nusu alama mbele za watu. Sijui kama nilikuadhibu au niliogopa. Nimejiuliza njia nzima kurudi nyumbani. Ningeweza kukuficha, nani angekuambia? Lakini kuficha tumeshaficha vya kutosha.

Baba yako


19 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mama salamu zangu, mwambie namshukuru kwa kulia siku moja tu.

Usijiulize zaidi. Kama ningekaa kiti kile na kuulizwa swali lile kuhusu mimi, na mimi ningeitazama meza. Iliniuma, sitakudanganya. Nilikaa nayo siku kumi. Siku ya kumi na moja nilichukua karatasi ile uliyoniandikia majina na mahali wanapopatikana wale kumi na mmoja, nikawaandikia, kila mmoja barua yake. Sikueleza utafiti ni nini. Niliandika kwamba mahali fulani imeandikwa walijiondoa, kwamba aliyeandika ni mimi, kwamba sikuwauliza na si kweli, na kwamba imeshafutwa. Sikuomba msamaha ili nisiwalazimishe kujibu. Wale sita waliobaki sina pa kuwaandikia. Majina yao nimeyabandika ukutani, juu ya meza.

Jana limekuja jibu moja, limeandikwa nyuma ya risiti. Ni la yule mshona viatu. Halina salamu, halinilaumu wala halinisamehe. Ni mstari mmoja:

"Darasa linaanza lini?"

Baba, nimwambie lini?

Mwanao